Kasi ya Matukio na Kesi ya Wanyonge: Hoja Dhidi ya Nemesis Games

Utangulizi

Kila inapotajwa riwaya ya anga za juu katika semina zetu za uzamili, husikika kauli mbili ambazo sasa zimekwisha kuwa kama kiitikio. Ya kwanza ni ya wahafidhina wa taaluma, nao hushikilia kwamba riwaya za namna hiyo, zenye meli zinazokimbizana baina ya sayari na mizinga inayonguruma kila baada ya kurasa chache, ni fasihi pendwa isiyostahili wino wa mhakiki. Ya pili ni ya baadhi ya vijana wetu, ambao wamezisoma riwaya hizo kwa hamu na wakaona humo taswira ya watu wanaonyonywa. Wao hudai kwamba mfululizo wa The Expanse ni fasihi ya ukombozi iliyovikwa joho la kisayansi. Makala haya yanakusudia kuzipinga kauli zote mbili. Wahafidhina wanakosea kwa sababu hawajasoma. Vijana wanakosea kwa sababu wamesoma mbio mbio, kama riwaya yenyewe ilivyowataka wasome.

Dai langu ni hili: katika Nemesis Games, juzuu ya tano ya mfululizo huo na ambayo wapenzi wake wengi huisifu kwa wingi wa matukio yake ya kusisimua, kasi ya matukio si pambo la nje wala sukari ya kumezea dawa. Kasi hiyo ndiyo itikadi yenyewe ya riwaya. Ndiyo chombo kinachotumiwa kuifuta kesi ambayo juzuu za awali zilikuwa zimeifungua kwa uangalifu, na kuifuta pasi na msomaji kutambua kwamba hukumu imetolewa.

Mfululizo na mahali pa juzuu ya tano

Kwa ajili ya wasomaji ambao hawajaufuata mfululizo huu, yafaa kueleza kwa muhtasari. James S. A. Corey ni jina la kalamu linalotumiwa na waandishi wawili wa Marekani, Daniel Abraham na Ty Franck. Riwaya zao kuu ni tisa: ya kwanza, Leviathan Wakes, ilitoka mwaka 2011 na ya mwisho, Leviathan Falls, mwaka 2021. Nemesis Games ilichapishwa mwaka 2015. Mwaka 2020 mfululizo mzima ulipewa Tuzo ya Hugo ya mfululizo bora, na mwishoni mwa mwaka huo huo juzuu hii ya tano ikaanza kuonyeshwa kama msimu wa tano wa tamthilia ya televisheni. Si kazi ya kichochoroni, basi. Ni kazi iliyosomwa na kutazamwa na umati, na kwa sababu hiyo pekee mhakiki hana ruhusa ya kuipita kando akiziba pua.

Ulimwengu wa riwaya hizi umegawanyika pande tatu. Kuna Dunia, iliyochoka lakini yenye hewa na maji ya bure. Kuna Mirihi, taifa la kijeshi linaloota kuigeuza sayari yake iwe bustani. Na kuna Ukanda, yaani asteroidi na miezi ya mbali ambako vizazi kadhaa vya wafanyakazi wamezaliwa, wakachimba madini, wakasafirisha barafu na kuunda meli kwa faida ya sayari hizo mbili. Watu wa Ukanda wamekulia mahali penye mvutano hafifu. Mifupa yao imerefuka na kudhoofika, na wengi wao hawawezi kuishi juu ya ardhi ya sayari bila mateso makali. Hewa wanayovuta inalipiwa. Wana lugha yao ya mseto, iliyozaliwa kwa mchanganyiko wa lugha za mababu waliotoka pembe zote za Dunia, na hata ishara zao za mwili ni kubwa kubwa, kwa kuwa zilibuniwa ili zionekane mtu akiwa ndani ya vazi la angani. Hawa ndio wavuja jasho wa mfululizo huu.

Kesi iliyokuwa imefunguliwa

Ni haki kukiri kwamba katika juzuu za mwanzo waandishi waliisikiliza kesi ya Ukanda kwa makini. Katika Leviathan Wakes nusu ya masimulizi imepewa Miller, askari kanzu aliyezaliwa Ceres, mtu wa Ukanda anayelipwa ili kuwadhibiti wenzake. Kupitia macho yake tunauona unyonge wa kikoloni pasipo kuhubiriwa. Humo humo pia tunakumbana na historia ya Kituo cha Anderson, ambako wakazi walioasi kwa sababu ya ushuru waliuawa na wanajeshi wa Dunia chini ya uongozi wa Fred Johnson, ilhali walikuwa tayari kusalimu amri.

Katika Cibola Burn, juzuu ya nne iliyotoka mwaka 2014, kesi inafikia upeo wake. Malango yamefunguka kuelekea zaidi ya sayari elfu moja mpya. Wakimbizi wa Ukanda kutoka Ganymede wamekwisha kushuka katika mojawapo, wakaipa jina Ilus, wakaanza kuchimba lithi. Kisha inawasili kampuni ya Dunia ikiwa na hati kutoka Umoja wa Mataifa inayosema kwamba ardhi hiyo ni yake. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa maana ya watu walio juu ya ardhi kuambiwa kwamba hati i mkononi mwa mtu mwingine. Jambo la kutia maanani ni kwamba waandishi walimpa Basia, mmoja wa walowezi wanaoshiriki katika kulipua uwanja wa kutua, sura zake mwenyewe. Basia ni mlipuaji. Amechangia vifo. Hata hivyo tunamsikia akiwaza, akihofia, akijilaumu na akimkumbuka mwanawe aliyekufa. Riwaya haimtakasi, lakini haimfungi mdomo.

Kwa hiyo mtu asije akasema kwamba waandishi hawa hawawezi kuandika mwasi kutoka ndani. Wanaweza, na walikwisha kufanya hivyo mwaka mmoja tu kabla. Ndiyo maana yanayotokea katika juzuu ya tano ni uteuzi, na uteuzi huhojiwa.

Jinsi kasi inavyofanya kazi

Msuko wa Nemesis Games umejengwa kwa ustadi ambao hakuna mhakiki mwadilifu atakayeukana. Meli ya Rocinante iko katika matengenezo kwenye kituo cha Tycho, na mabaharia wake wanne wanatawanyika. Amos anarudi Baltimore kwa sababu ya kifo cha mwanamke aliyemlea. Alex anakwenda Mirihi kumtafuta mtalaka wake. Naomi anakwenda Ceres baada ya kupata habari za mwanawe. Holden anabaki Tycho. Kila sura inabeba jina la mmoja wa hawa wanne, na nyingi zinakomea kwenye taharuki ambayo haitatuliwi mpaka wengine wapite zamu zao. Kisha, karibu na katikati ya kitabu, asteroidi zilizopakwa malighafi ya kukwepa rada zinaiangukia Dunia. Mamilioni wanakufa papo hapo, na juzuu inayofuata inahesabu vifo kwa mabilioni. Mshambuliaji ni Marco Inaros, kiongozi wa kundi la Ukanda linalojiita Jeshi Huru la Wanamaji.

Tujiulize sasa: kabla ya mawe kuanguka, na baada ya kuanguka, nani amepewa nafasi ya kuishi huzuni yake taratibu? Mirihi imepewa. Alex anatembea katika mitaa inayohamwa, anaona jinsi ndoto ya vizazi ilivyokufa kwa sababu sayari zenye hewa ya bure zimepatikana ng'ambo ya malango, na msomaji anaihisi hasara hiyo. Dunia imepewa. Amos anapanda kutoka gereza la chini ya ardhi pamoja na Clarissa Mao, kisha wanasafiri katika nchi iliyofunikwa na majivu, na kila mtu wanayekutana naye ni kifani cha msiba. Ukanda haukupewa. Lakini malango yale yale yanayoua ndoto ya Mirihi ndiyo yanayotishia kuufuta Ukanda kabisa: watu wakishahamia kwenye sayari mpya, nani atahitaji mchimbaji wa asteroidi, na mchimbaji mwenyewe, ambaye mifupa yake haihimili ardhi, ataenda wapi? Hilo ndilo swali zito kuliko yote katika kitabu hiki. Linasemwa. Lakini linasemwa na Marco, katika hotuba anayoirusha kwa ulimwengu mzima baada ya kuua mamilioni.

Hapa ndipo ilipo hila ya kasi. Hoja ya haki ikitamkwa na muuaji wakati damu ingali mbichi, msomaji hapati wasaa wa kuitenga hoja na msemaji wake. Sura inayofuata inamwita; Naomi yuko mateka, Alex anafukuzwa, Amos amezikwa chini ya tani za saruji. Hoja inabaki nyuma kama abiria aliyeachwa na gari. Wala hakuna mhusika mwingine wa Ukanda anayeiokota baadaye na kuisema kwa kinywa kisafi. Kwaida ya usimulizi wa haraka ni kwamba lile lisilorudiwa limesahauliwa.

Zaidi ya hayo, angalia ni nani anayeuwakilisha Ukanda wa busara katika juzuu hii. Ni Fred Johnson yule yule, kanali mstaafu mzaliwa wa Dunia, mwenye damu ya Kituo cha Anderson mikononi mwake, ambaye ametubu na kuwa msemaji wa wale aliowaua. Na nani aliyempa Marco meli zake za kivita? Ni Winston Duarte, afisa wa Mirihi mwenye mpango wake mwenyewe, anayeutumia uasi wa Ukanda kama pazia la kuibia sampuli ya kitu cha kigeni na kutoroka na sehemu ya jeshi la majini kupitia lango moja. Hivyo basi, upole wa Ukanda una bwana wa Dunia, na ukali wa Ukanda una mfadhili wa Mirihi. Wavuja jasho hawakuachiwa hata dhambi yao wenyewe. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Hapa ngozi imevutwa mpaka ngoma haina upande wa pili.

Sauti iliyoghushiwa

Watetezi wa riwaya hii watauliza: na Naomi Nagata je? Si yeye ni mwanamke wa Ukanda, na si sura zake ndizo zinazokumbukwa kuliko zote? Swali ni la haki, na jibu lake ndilo kiini cha makala haya.

Naomi ni mmoja wa wahusika wakuu tangu kurasa za mwanzo za juzuu ya kwanza. Hata hivyo, katika juzuu nne nzima hatukupewa hata sura moja ya kuuona ulimwengu kwa macho yake. Holden, mzaliwa wa Dunia na mpenzi wake, alikuwa na sura katika kila juzuu. Naomi anapewa mlango wa kuingilia kwa mara ya kwanza katika juzuu ya tano, na tunapoingia tunakuta nini? Tunamkuta Marco, aliyekuwa mpenzi wake; tunamkuta Filip, mwana waliyezaa naye na ambaye Marco alimnyang'anya; tunakuta kumbukumbu ya programu aliyoiandika akiwa kijana, ambayo Marco aliitumia bila yeye kujua kuilipua meli iliyojaa watu. Yote hayo ni ya kuhuzunisha na yameandikwa vizuri. Lakini ni ya kinyumbani. Mara tu sauti ya Ukanda ilipofunguliwa kinywa, siasa ilibadilishwa ikawa ugomvi wa watalaka. Kisa cha tabaka kikageuzwa kisa cha mume katili na mke aliyemkimbia. Marco anakuwa mbaya si kwa sababu mkakati wake ni batili au kwa sababu amewasaliti watu wake, bali kwanza kabisa kwa sababu ni mtu wa kujipenda anayewatesa walio karibu naye. Ubaya huo ni wa kweli katika maisha, lakini haujibu kitu kuhusu hewa inayolipiwa.

Naomi anazungukwa na rafiki zake wa zamani ndani ya meli ya Pella. Miongoni mwao yumo Cyn, jitu la moyo mkunjufu, ambaye pengine ndiye mtu wa Ukanda aliyesawiriwa kwa upendo mkubwa zaidi katika kitabu kizima. Tungetamani kumsikia Cyn akieleza kwa nini yeye, mtu mwema, amekubali mamilioni wafe. Hapati nafasi. Naomi anapojitosa kwenye ombwe bila vazi la angani, akiwa amejidunga damu iliyoongezewa oksijeni ili apate sekunde chache za fahamu, Cyn anajitupa katika chumba cha mlango wa hewa akidhani anamwokoa, na anakufa. Tukio hilo ni miongoni mwa matukio yaliyobuniwa kwa ufundi mkubwa kabisa katika aina hii ya riwaya. Pia ni tukio linalomwondoa jukwaani mtu pekee ambaye angeweza kujibu swali letu.

Kisha linakuja tukio ambalo, kwa maoni yangu, linaifichua riwaya nzima. Naomi anafika katika meli tupu, Chetzemoka, ambayo Marco ameitega bomu. Meli hiyo inatangaza bila kukoma ujumbe wa kuomba msaada kwa sauti yake Naomi, ujumbe ambao yeye hakuusema. Umeghushiwa ili kumvuta Holden aje afe. Naomi hana chombo cha kuzungumzia. Hawezi kusema lolote jipya. Anachoweza kufanya ni kuukatakata ujumbe ule ule wa uongo kwa mikono yake, kuondoa neno hapa na neno pale, mpaka kilio cha msaada kianze kumaanisha jambo jingine na wasikilizaji wake waingiwe na shaka.

Sidhani kama waandishi walitambua kwamba hapo walikuwa wakieleza hali ya Ukanda katika kitabu chao wenyewe. Sauti ya mwanamke wa Ukanda inasikika kote angani, lakini ni sauti iliyotungwa na mwingine kwa maslahi ya mwingine. Njia pekee iliyobaki kwa aliye mwenye sauti ni kuuharibu ujumbe. Mhakiki hana budi kufanya vivyo hivyo: kuukata ujumbe wa riwaya hii mahali penye mshono, ili kile kilichofichwa na mbio zake kisikike.

Hoja za watetezi

Wapo watakaosema kwamba hii ni burudani tu, na kwamba kuipekua kiitikadi ni kumwekea nzi mizani ya dhahabu. Jibu langu ni kwamba burudani ndiyo mahali ambapo itikadi hufanya kazi bila ulinzi. Msomaji wa riwaya ya maswali mazito huingia akiwa na silaha. Msomaji wa riwaya ya matukio huziacha mlangoni.

Wapo watakaosema kwamba mapinduzi ya kweli huzaa watu kama Marco, na kwamba fasihi haina wajibu wa kuwapamba waasi. Nakubaliana nao kabisa. Historia ya bara letu ina viongozi wengi waliowageuza wanyonge kuwa ngazi. Lalamiko langu si kwamba Marco yumo. Lalamiko ni kwamba kambi yake yote haina macho mengine ambayo tumeruhusiwa kuyatumia. Utangulizi wa kitabu umepewa Filip, akiongoza uvamizi wa ghala za jeshi la Mirihi huko Callisto ambako malighafi ile ya kukwepa rada iliibwa. Filip ana miaka kumi na mitano na shauku yake kubwa ni kumpendeza babake. Basi uasi wa mamilioni ya watu wazima umewakilishwa kutoka ndani na mtoto mmoja anayetafuta sifa za mzazi.

Wapo, mwisho, watakaosema kwamba mfululizo uhukumiwe kwa ukamilifu wake, na kwamba Babylon's Ashes ya mwaka 2016 inarekebisha kasoro hii. Ni kweli kwamba juzuu hiyo ya sita inaongeza sana idadi ya mitazamo. Tunampata Michio Pa, kamanda wa Ukanda anayejitenga na Marco ili kuwalisha watu wake, na tunampata Filip akimwacha babake na kulichukua jina la mamake. Ni kweli pia kwamba mwishoni unaundwa muungano wa usafirishaji unaowapa watu wa Ukanda kazi ya kudumu katika malango. Lakini angalia njia ambayo uadilifu huo unapitia: kiti cha urais wa muungano kinamfikia Pa kwa njia ya Holden, mzaliwa wa Dunia. Haki inafika Ukanda ikiwa zawadi. Isitoshe, juzuu huuzwa na kusomwa moja moja. Kwa zaidi ya mwaka mzima baina ya vitabu hivyo viwili, msomaji alibaki na picha moja tu akilini: watu wa Ukanda ni wale walioangusha mawe.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Huenda msomaji akauliza ni kwa nini mwalimu wa fasihi ya Kiswahili ajishughulishe na asteroidi za Wamarekani. Jibu ni kwamba sisi tumekwisha kuandikwa kwa mbinu hii hii. Mwaka 1955, vita vya Mau Mau vikiendelea, Mmarekani Robert Ruark alichapisha Something of Value, riwaya iliyofuatwa na filamu mwaka 1957. Ndani yake yumo Kimani, kijana Mkikuyu aliyelelewa pamoja na mtoto wa mlowezi, na ambaye safari yake ya kuingia msituni inaanza kwa kofi alilopigwa na Mzungu wa familia ile ile. Ardhi iliyotwaliwa inatajwa, kodi na kipande vinajulikana, lakini injini ya masimulizi ni fedheha ya mtu mmoja, na mafuta yake ni kurasa za damu zilizoandikwa kwa kasi inayomkata msomaji pumzi. Wasomaji wa Ulaya na Marekani waliokisoma kitabu hicho walijua namna panga linavyokata. Hawakujua ni ekari ngapi zilizokuwa zimechukuliwa. Ilibidi mpaka Juni 2013 ndipo serikali ya Uingereza ikakubali kuwalipa fidia ya pauni milioni 19.9 wadai 5,228 walioteswa wakati wa hali ya hatari. Sisemi kwamba riwaya moja ndiyo iliyoichelewesha haki hiyo. Nasema kwamba riwaya za aina hiyo ndizo zilizowazoesha watu kutoiuliza.

Corey si Ruark. Waandishi wa The Expanse wanawahurumia watu wa Ukanda, na Ruark aliwaogopa Wakikuyu. Lakini ndiyo sababu hasa mfano huu ni wa kutisha: mbinu ile ile, ikiendeshwa na watu wenye nia njema, imezaa matokeo yaliyo karibu sana. Lalamiko la umma linageuzwa kinyongo cha mtu binafsi, kisha kinyongo hicho kinaachiliwa kikimbie mpaka msomaji asahau kilikotoka. Nia njema ya mwandishi haiwezi kuushinda muundo alioukubali.

Nasi tunao mfano wa njia nyingine. Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1979, inasimulia maisha ya wapagazi wa bandari ya Unguja hadi kwenye mgomo wa mwaka 1948. Ina matukio ya kutosha. Ajali, kifo, njaa, makabiliano. Lakini tukio halitangulii kazi. Kabla hatujauona mgomo tumekwisha kuubeba mzigo pamoja na Rashidi, tumejua unavyochuna bega na ujira wake unavyokwisha kabla ya jioni. Mgomo unapofika, msomaji hahitaji hotuba, kwa kuwa mwili wake umekwisha kuelewa. Hivyo ndivyo kasi inavyopaswa kuzaliwa: itokane na uzito uliolimbikizwa, si badala yake. Watu wa Ukanda ni makuli wa mfumo wa jua, nao wangestahili riwaya ambayo ingeanzia begani.

Hitimisho

Sipendekezi kwamba riwaya za anga ziondolewe katika maktaba zetu wala kwamba mwanafunzi anayetaka kuzitafiti akatazwe. Kinyume chake, nataka wahafidhina wetu wakome kujificha nyuma ya istilahi ya fasihi pendwa, kwa maana istilahi hiyo imegeuka kisingizio cha uvivu. Vitabu vinavyosomwa na watu wengi vinahitaji wahakiki wakali zaidi, si wachache zaidi. Na nataka vijana wetu wakome kuitunukia riwaya medali ya ukombozi kwa sababu tu imewataja wanyonge. Kutajwa si kusikilizwa.

Mwanafunzi anayekabili juzuu yoyote ya aina hii na aiulize mambo matatu. Kwanza, hoja ya mnyonge inatamkwa na nani, na katika dakika gani ya msuko? Pili, ni wahusika gani wanaopewa utulivu wa kuomboleza, na ni akina nani wanaonyimwa? Tatu, matukio yakipunguzwa mwendo, ni swali gani ambalo lingebaki limesimama bila kujibiwa? Nikiiuliza Nemesis Games swali hilo la tatu, jibu ni wazi: mtu ambaye mwili wake umeumbwa na kazi, akiambiwa kazi hiyo haihitajiki tena, ataishi wapi na kwa nini? Kitabu kimelichokoza swali hilo, kikaliogopa, kikawasha mitambo na kukimbia.

Waandishi wetu wa Kiswahili watakapoanza kwa wingi kuandika riwaya za anga, na sioni sababu ya kutofanya hivyo, watajaribiwa kuiga kwanza mwendo, kwa kuwa mwendo ndio unaoonekana na ndio unaouzika. Waangalie. Wao ni wajukuu wa watu walioandikwa kwa mwendo huo.